Kabla Mto Haujashuka

Jumatatu, 28 Machi 1949

Leo nimeanza kazi ya gari la Noordin. Kule Burma sajenti wetu wa karakana alitulazimisha kuandika kila siku tulichofungua na tulichofunga, na tangu hapo siwezi kushika spana bila kushika kalamu. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho jeshi lilichonifundisha kuandika, na kwa sababu mama yangu ni mtu wa Lamu. Anayeona ni maringo aje azibue kabureta yeye.

Gari lenyewe ni la mbio, la viti viwili tu, rangi ya kijani, limeundwa kabla ya vita. Mzungu mmoja mpima visima alikuwa nalo Wajir, na alipohamishwa akamwuzia Noordin, mwenye duka la ngozi hapa Garissa. Noordin akamtuma dereva wake akalilete. Dereva huyo ni Guleid, mdogo wangu wa tumbo moja. Gari lilitoka Wajir likinguruma, likaingia Garissa likiburutwa na lori, boneti imebabuka kwa moto na mchanga umejaa mpaka ndani ya injini.

Sasa Guleid yuko mahabusu bomani. Noordin amemshtaki kwamba alitia kitu kwenye tangi makusudi ili kuliharibu gari, kwa kuwa walitoleana maneno makali kabla ya safari. Guleid hasemi ndiyo wala hapana. Mto umeanza kujaa, pantoni imefungwa, na hakimu yuko ng'ambo. Mto ukishuka atavuka. Koricha, askari wa mahabusu ambaye tulikuwa naye jeshini, ameniambia kesi ya namna hiyo ni miaka miwili katika jela ya pwani. Mama amelia mpaka sauti imekauka.

Hakuna fundi mwingine upande huu wa mto, kwa hiyo Noordin aliniita chini ya banda lake la ngozi. Hunisemesha Kiswahili chake, ambacho p hugeuka b na v hugeuka f, kila anapotaka nijue kwamba hiyo ni kazi, si udugu.

"Wewe tengeneza gari yangu," alisema. "Ikitembea kabla hakimu hajafuka mto, mimi mwenyewe naenda boma, nafuta maneno yote. Lakini kitu yoyote unabata ndani ya tangi, unaleta kwangu. Weka mkono hapa."

Akaleta Msahafu. Niliapa bila wasiwasi. Nilijua nitakuta kutu na uchafu wa visima vya Wajir, basi.

Jumanne, 29 Machi

Mvua. Nimefungua boneti, nimefunga boneti.

Alhamisi, 31 Machi

Nimeshusha kabureta zote mbili. Moto ulianzia hapo. Ndani ya kila moja kuna boya dogo la shaba linaloelea juu ya petroli. Likipanda hufunga sindano ili petroli isizidi. Sindano zote mbili zimekwama wazi, zimegandwa na utomvu wa rangi ya kahawia. Petroli ilifurika, ikamwagikia injini ya moto, na hapo hata malaika asingeweza kuzuia. Mchanga ni wa Guleid, aliuzimia moto. Hilo simlaumu, mimi pia ningefanya hivyo.

Huo utomvu ndio unaonikera. Maji ya moto hayaufanyi chochote.

Binti wa Noordin, Sharifo, ndiye anayeniletea chai. Alikuwa Wajir kwa shangazi yake, amerudi juzijuzi na msafara wa ngamia. Ni msichana wa kujiona. Haniamkii, anaweka birika juu ya gogo kisha anasimama ukutani kuviangalia vyuma vyangu kimoja kimoja, kama aliyetumwa kuhakikisha siibi. Baba mtu amekuja alasiri.

"Umebata kitu?"

"Kutu tu, adeer," nilimjibu, nikimwita ami kwa heshima.

Ijumaa, 1 Aprili

Baada ya sala nimempelekea Guleid chakula cha mama. Amekonda lakini macho yake yametulia, na utulivu huo ndio ulionipandisha hasira. Nilimwuliza nini kilitokea njiani. Akasema, "Walaal, ndugu yangu, tengeneza gari. Usiniulize." Nikamwuliza mara ya pili, akanikaribisha ugali wake. Nimetoka pale nikiwa nimeng'ata meno. Wazee husema kimya kingi kina mshindo mkuu, ila huu mshindo utakuja kumwangukia mama.

Jumatatu, 4 Aprili

Mvua usiku kucha na mchana kutwa. Koricha amesimika gogo kivukoni na kulichonga alama: maji yakishuka chini ya alama hiyo, pantoni inarudi kazini. Leo gogo limemezwa lote. Watu wanaomba mvua ipungue, njia zifunguke, sukari ifike. Nadhani katika Garissa nzima ni mimi peke yangu ninayeomba izidi.

Tangi limetoka. Noordin: "Umebata kitu?" Kutu tu, adeer.

Alhamisi, 7 Aprili

Niandike kabla sijalala.

Asubuhi nililipindua tangi nikakuta tundu chini, limetobolewa na kisiki, na kando ya tundu kipande cha kitu cheusi kigumu. Nilidhani ni lami. Nilikiloweka kwenye kikombe cha petroli, kikalainika na kuvuta nyuzi, na petroli ikageuka rangi ya chai. Ni ule ule utomvu wa kwenye kabureta. Kwa hiyo mtu aliziba tundu kwa kitu hiki, petroli ikakiyeyusha kidogokidogo, ikakibeba kwenye bomba mpaka kwenye sindano. Sikujua bado ni kitu gani.

Alasiri Sharifo akatoka nyumbani na chetezo kinachofuka, anafukiza nyumba kama wafanyavyo kila Alhamisi, na akaja moja kwa moja hadi chini ya banda. Makaa mekundu mkononi, na mimi nimezungukwa na petroli kwenye karai, kwenye kikombe na kwenye matambara. Nilimpigia kelele ambayo sijaipiga tangu vitani. Aliganda pale alipo. Nikamwambia arudi nyuma, hatua kwa hatua, asigeuke, asikimbie. Akarudi hivyo hivyo, macho yamemtoka, mpaka akafika mlangoni.

Nilikaa chini. Moshi ulikuwa umetanda bandani, na hapo ndipo pua iliponiambia. Kile kitu cheusi ni ubani. Ubani wetu huu unaotoka kwenye miti ya nyika, ule ambao wanawake hutafuna na kufukizia, na ambao watu wa ngamia huzibia vyombo vya maji vikipasuka. Kwa maji hauna mfano. Kwa petroli ni balaa.

Nimemjua aliyefanya: Guleid, aliyekua akichunga kabla sijamfundisha gari, amepata tundu njiani akaziba kama anavyoziba chombo cha maji. Hakuharibu makusudi, lakini nani ataamini? Noordin amesema kitu kilitiwa kwenye tangi, na kweli kilitiwa. Hakimu hatauliza zaidi ya hapo.

Nilikwangua mabaki yote tangini, nikasugua mpaka chuma kikang'aa, nikayatupa chooni pamoja na kile kipande. Noordin akaja.

"Umebata kitu?"

Nikasema kutu tu, adeer. Mkono huu niliouweka juu ya Msahafu ndio nilioutumia kufuta jasho. Namwogopa Mungu, na zaidi ninaogopa uso wa mama akiambiwa miaka miwili.

Ijumaa, 8 Aprili

Nimemwambia Guleid kwa sauti ya chini kwamba najua aliziba kwa ubani, na kwamba nimeuondoa. Nilitegemea ashukuru. Akasema, "Sikuziba mimi."

"Nani basi? Ulikuwa peke yako."

Nilimshika shati kupitia nondo na Koricha akaja kunitoa mkono, taratibu, maana ni rafiki. Gari hilo lina kiti cha pili, na ndugu yangu yuko tayari kwenda jela ya pwani kwa ajili ya aliyekikalia. Sijui nimchukie nani.

Jumatatu, 11 Aprili

Mvua. Maji yamepita gogo. Alhamdulillahi.

Jumamosi, 16 Aprili

Nimepoteza siku kadhaa kwa ujinga wangu. Bomba la shaba lilikuwa limepasuka karibu na pampu, nikaunganisha kwa kipande cha mpira wa tyubu ya tairi. Nikajipongeza. Leo petroli haipiti kabisa. Kufungua, mpira umevimba kwa petroli mpaka njia imeziba kabisa. Jeshi zima la Mfalme lilinifundisha kwamba petroli na mpira wa tyubu haviivi chungu kimoja, na mimi nikasahau. Nilicheka peke yangu kama mwehu, halafu nikamfikiria huyo aliyeziba kwa ubani na hasira yangu juu yake ikapungua kidogo.

Nimekata viungo vipya kutoka ngozi ya mbuzi, iliyokunwa ikawa nyembamba na kupakwa sabuni. Bandani kwa Noordin ngozi si tatizo.

Jumatano, 20 Aprili

Mvua imekatika tangu juzi. Ncha ya gogo imeonekana.

Koricha ameniambia jambo: kila asubuhi maziwa ya ngamia hufika mahabusu kwa ajili ya Guleid, yanatoka nyumba ya Noordin, anayaleta kijakazi mzee asiyesema neno. Nimeshangaa. Mzee ninayemwita jiwe anamlisha mtu aliyemfunga. Alipokuja na swali lake la kila siku nilimjibu kwa adabu kuliko kawaida, akanitazama kama ninaumwa.

Boya moja lilikuwa limetoboka. Nimelichemsha kwenye sufuria ya maji nikaona mapovu yanakotoka, nikalilehemu kwa tone dogo la risasi. Tone kubwa lingelizamisha.

Jumamosi, 23 Aprili

Jua. Gogo limetoka majini zaidi.

Jumanne, 26 Aprili

Noordin alikwenda kusali alasiri. Sharifo alileta chai, akaiweka kwenye gogo, na badala ya kusimama ukutani akaja mpaka nilipokuwa nimepiga magoti.

"Petroli inaufanya nini ubani?" aliuliza.

Spana iliniponyoka. Nikamwuliza nani amemwambia habari za ubani. Akasema hakuna aliyemwambia. Tangu mwezi uliopita amekuwa akisimama ukutani kuona kama nitaupata, na siku ile ya chetezo alikuja bandani makusudi kutazama tangi limepinduliwa vipi. "Mimi ndiye niliyeziba," akasema.

Ameniambia yote akiwa amesimama, bila kulia. Shangazi yake wa Wajir alikuwa amekubaliana na mzee mmoja mwenye ngamia wengi amwoe Sharifo, na ndoa ilikuwa ifungwe wiki ile ile. Alipoona gari la baba yake linaondoka alimfuata Guleid nje ya mji akamsihi. Guleid alikataa, akakataa tena, kisha akamfunika kwa ngozi kwenye kiti cha pili. Baada ya Habaswein kisiki kikatoboa tangi, petroli ikawa inamwagika kama maji ya udhu. Guleid alikuwa anatafuta tambara. Yeye alikuwa na ubani mdomoni, akautoa, akaubandika, ukashika. "Alinisifu," alisema. "Alisema nina akili kuliko mafundi wa Mfalme." Wakasafiri vizuri mpaka wamepita Dadaab, ndipo moto ukalipuka. Guleid alipouzima akamwelekeza kwenye kisima walipokuwa wafugaji, arudi nyumbani na ngamia wao. Akamwapia kwamba jina lake halitatoka mdomoni mwake.

"Nikisema, baba atanirudisha Wajir, na watu watasema nililala njiani na dereva," akasema. "Nisiposema, Guleid anakwenda jela. Nimempelekea maziwa, sina kingine."

Kumbe maziwa ni yake. Nilipaswa kumhurumia, lakini hasira ilinitangulia na nikamwambia neno baya: kwamba mama yangu anakufa taratibu ili yeye abaki na sifa njema. Alichukua birika akaondoka, na mwendo wake ulikuwa wa mtu aliyepigwa. Nilijuta kabla hajafika mlangoni. Nilichokiona kwake mwezi mzima kama kujiona kilikuwa hofu tu, na mimi mtu mzima nimemwongezea.

Jumatano, 27 Aprili

Nimemwomba radhi. Nimemwambia asiseme kitu kwa mtu. Gari likitembea kabla hakimu hajavuka, baba yake atafuta mashtaka na hakuna atakayeulizwa lolote. Ameitikia kwa kichwa. Sasa tuko wawili tunaoombea mvua, na mbingu ni nyeupe kama sahani.

Jumatatu, 2 Mei

Leo nimelehemu tangi. Tangi lililowahi kunusa petroli halisahau, hata likiwa tupu. Nililiosha kwa maji ya moto na majivu, nikalipindua, nikalijaza maji mpaka karibu na tundu, ndipo nikaleta chuma chenye moto. Noordin alisimama karibu kuliko nilivyomtaka, mikono nyuma. Nikamwambia asogee, akakataa, akasema gari ni lake na mimi ni mtoto wa rafiki yake, kama ni kulipuka tulipuke wote. Alilisema hilo kwa Kisomali.

Risasi imeshika vizuri. Alibaki akilipapasa lile kovu la tangi kwa kidole. Kisha akarudi kwenye Kiswahili chake.

"Hii tundu. Ilikuwa wazi hifi tangu Wajir?"

Nilisema pengine lilitoboka mwishoni mwa safari. Akasema, "Bengine." Akaenda zake.

Usiku nimemwambia mama tu kwamba kuna jambo nimelificha. Hakuniuliza ni nini. Alisema la kuvunda halina ubani. Hakujua amenichoma wapi.

Ijumaa, 6 Mei

Guleid ameniuliza jambo moja tu: kama yule anayeleta maziwa ni mzima. Nikamjibu ni mzima. Akatabasamu kama mjinga. Nikamwelewa, na bado nilitamani kumzaba kofi.

Jumamosi, 7 Mei

Nimefunga kila kitu. Pampu ya gari hili ni ya umeme; ukiwasha hugonga tik-tik-tik mpaka kabureta zishibe, kisha hunyamaza. Nimemwaga petroli kutoka debe la mwisho la Noordin, nikawasha. Imegonga, imegonga, ikanyamaza. Kabureta zimeshiba. Lakini injini haijashika.

Jumatano, 11 Mei

Imeshika! Imekimbia nusu ya muda wa kunywa chai, ikakohoa, ikazima. Uchafu wa ubani uliobaki ndani ya bomba. Ubani hauyeyuki wote kwa petroli, sehemu yake inabaki kama unga wa mchanga na huo unga umeziba jeti, kile kitundu cha kabureta kinachopitisha petroli. Nimefungua tena tangu mwanzo. Kila jaribio linakula petroli, na nyingine haipatikani mpaka malori yavuke. Koricha anasema alama ya gogo iko karibu kuonekana.

"Umebata kitu?" Leo nilimjibu bila kumwangalia.

Jumamosi, 14 Mei

Mahema ng'ambo ya mto. Hakimu amefika, anasubiri pantoni. Mama hajala.

Nimepitisha waya mwembamba ndani ya bomba lote, nikapuliza mpaka masikio yakaziba. Nimeshona kichujio kutoka kitambaa cha kilemba changu na kukifunga mbele ya pampu. Sharifo alinishikia taa ya betri chini ya gari, kwa uwazi, mbele ya baba yake.

Jumatatu, 16 Mei

Niandike yote kama yalivyokwenda.

Asubuhi Koricha alipita mbio akasema pantoni itaanza kesho. Nikawasha. Pampu ikagonga, ikanyamaza. Injini ikashika, ikakohoa mara moja, ikatulia. Nililiacha lingurume mpaka nikawa na hakika, nikalizungusha uani mara mbili, nikalizima kuokoa petroli. Nilitoka nikimchekea kila mtu. Noordin aliliangalia gari kama mtu anayemwangalia mwanawe aliyerudi vitani. Nikasema, "Basi, adeer, twende bomani."

Akaingia ndani. Akarudi na Msahafu.

"Mara ya mwisho," akasema. "Mimi si mtoto, Warfa. Tundu iko chini ya tangi, na gari imekuja kutoka mbali. Kama tundu ilikuwa wazi, betroli ilikwisha Habaswein. Mtu aliziba. Umebata kitu?"

Nilitaka kusema kutu. Ulimi uligoma. Nilisimama pale na mikono yangu ya mafuta, sikuweza kusema uongo tena na sikuweza kusema kweli, maana kweli haikuwa yangu. Akasubiri. Uso wake ukafunga polepole.

"Basi wewe na ndugu yako ni mmoja," akasema. "Acha hakimu afuke."

Aligeuka, na Sharifo alikuwa mlangoni. Sijui alikuwa pale tangu lini. Alikwenda kwenye debe la maji la uani, lile linalovuja siku zote, akatoa ubani mdomoni, akaubandika kwenye ufa na kuukandamiza kwa kidole gumba. Maji yakakoma. Akaubandua tena, akaja bandani, akautumbukiza kwenye kikombe changu cha petroli na kuukoroga kwa kijiti. Tulisimama watu watatu tukiangalia kikombe. Petroli ikageuka rangi ya chai. Alipoinua kijiti, ubani ulikuwa nyuzi.

"Kwenye maji unaziba," alimwambia baba yake. "Huku unayeyuka. Sikujua, aabo. Guleid pia hakujua."

Nilikuwa namtazama Noordin mikono. Nilijiambia akiinua mkono nitajitia katikati, liwalo na liwe. Hakuinua. Alikaa juu ya rundo la ngozi, akaangalia kikombe, akamwangalia binti yake, akaangalia kile kiti cha pili. Nikaona hesabu ikienda kichwani mwake mpaka mwisho. Aliposema, alisema kwa Kisomali, na sauti yake sikuitambua.

"Ulikuwa unamkimbia nani?"

Akamwambia. Habari za shangazi, na za mzee mwenye ngamia. Noordin akauliza siku gani yalikubaliwa hayo, na nani alisimama badala ya baba. Alipojibiwa alifumba macho.

"Sikuambiwa," alisema. "Dada yangu hakuniambia. Ningejua ningekuja kukuchukua mwenyewe, hata kwa miguu."

Hapo ndipo Sharifo alilia. Mimi niligeukia gari nikajifanya nakaza nati iliyokwisha kazwa.

Noordin alikwenda kuoga. Alirudi amevaa koti lake la Idi na kofia, akaketi kwenye usukani, akapangusa kiti cha pili kwa mkono wake. Ua mzima ulikuwa umejaa watu wa duka, na wapita njia wamesimama langoni kwa sababu ya ule mngurumo. Akamwambia binti yake kwa Kiswahili, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani.

"Sharifo. Banda kiti yako."

Akapanda. Nikamwelewa yule mzee kwa mara ya kwanza. Kuanzia leo mtu akisema Sharifo alionekana ndani ya gari la kijani, ataambiwa ndiyo, tulimwona sote, na baba yake. Walipita katikati ya soko polepole, gari wazi, yeye anatazama mbele na shungi limefungwa vizuri, Noordin anawaitikia watu salamu kulia na kushoto. Nilikimbia nyuma yao nikisikiliza injini, nikiomba isikohoe.

Haikukohoa. Bomani Noordin aliingia ofisini kwa karani, akafuta mashtaka, hakukawia. Koricha akatoka na Guleid. Ndugu yangu alisimama juani akipepesa macho, akamwona aliye garini, akainamisha kichwa. Noordin alimwendea. Nilidhani atamtukana. Alimwambia tu kwamba safari nyingine akipata tundu kwenye tangi azibe kwa sabuni, petroli haiiyeyushi, kisha akarudi kwenye usukani akawasha.

Pampu ikagonga. Ikagonga, ikagonga, haikunyamaza. Nilijua kabla sijafungua kifuniko: petroli imekwisha, majaribio yangu yameimaliza yote, na malori yako ng'ambo. Bomba ni safi, tangi ni zima, gari halina ila, na halina cha kunywa. Askari walianza kucheka. Noordin aliangalia mbele, masikio yamemwiva.

Guleid akaja nyuma ya gari. Akaweka mikono miwili juu ya bodi, nami nikaweka yangu kando yake, na tukaanza kulisukuma kurudi mjini, mahabusu wa asubuhi na fundi wa kilemba kilichochanwa. Mama alikuwa njiani anakuja, alipotuona alikaa chini pale pale barabarani akamshukuru Mungu. Kwenye mteremko wa soko Guleid akasukuma kwa nguvu, kama kijana anayetaka kuonekana.

Noordin hakugeuka.

"Guleid," akasema. "Sukuma bolebole. Kuna mtu ndani."